KODI, VYAMA VYA WAFANYAKAZI NA WANAOHAMA MAJIMBO YA MAREKANI

Matokeo ya hesabu ya watu ya Marekani ya mwaka 2020 yalipotangazwa, jimbo la California lilipoteza kiti kimoja katika Baraza la Wawakilishi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu lilipoingia katika Muungano mwaka 1850. Illinois nayo ilipoteza kiti. New York ilipoteza chake kwa upungufu wa watu 89 tu. Texas iliongezewa viti viwili na Florida kimoja. Wengi walitoa jibu upesi: watu wanakimbia kodi, na kodi imepandishwa na vyama vya wafanyakazi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote.

Kila jimbo la Marekani lina mamlaka ya kutoza kodi yake ya mapato juu ya ile ya Serikali Kuu. California hutoza hadi asilimia 13.3 kwa sehemu ya kipato inayozidi dola milioni moja. Texas na Florida hazitozi kabisa. Aidha, sheria ya mwaka 2017 iliweka kikomo cha dola 10,000 kwa kodi za jimbo ambazo mtu angeweza kuziondoa katika hesabu ya kodi ya Serikali Kuu, na wenye kipato kikubwa wakauona uzito ambao hapo awali ulikuwa umefichika. Kikomo hicho kilipandishwa mwaka 2025.

Hata hivyo, wengi wa wanaoondoka California si matajiri. Ni watu wa kipato cha chini na cha kati, na kinachowasukuma hasa ni bei ya nyumba. Nyumba zimejengwa chache kuliko mahitaji. Tena tangu wananchi walipopiga kura mwaka 1978 kuzuia kodi ya majengo isipande, mwenye nyumba wa zamani hulipa kidogo, na jirani yake aliyenunua juzi hulipa mara nyingi zaidi kwa nyumba ya aina ile ile. Naye anayefika Texas hukuta kwamba kodi haikufutwa, bali imebadili mlango: kodi ya majengo ni kubwa, na kodi ya mauzo hufikia asilimia 8.25, ambayo maskini na tajiri huilipa sawasawa kwa kipande kimoja cha sabuni.

Ama kuhusu vyama vya wafanyakazi, yafaa kutenganisha mambo mawili. La kwanza ni watumishi wa serikali. Wisconsin ilikuwa jimbo la kwanza, mwaka 1959, kuwapa baadhi yao haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja; majimbo mengine yakafuata, na pensheni ikawa sehemu kubwa ya mapatano. Katiba ya Illinois ya mwaka 1970 inakataza kupunguza pensheni iliyoahidiwa, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ilibatilisha sheria iliyojaribu kuipunguza. Deni la mifuko hiyo limepita dola bilioni 100. Lakini waalimu walikatwa mishahara yao kila mwezi bila kukosa. Aliyechelewesha mchango wake miaka mingi ni jimbo lenyewe. Sasa deni hulipwa kwa kodi, na kadiri watu wanavyoondoka ndivyo mzigo unavyowaelemea wanaobaki. Mstaafu anaweza kuhamia Florida na pensheni yake mkononi. Tangu sheria ya mwaka 1996, jimbo alilolitumikia haliwezi kuitoza kodi.

La pili ni waajiri. Sheria ya Taft-Hartley ya mwaka 1947 iliyaruhusu majimbo kupiga marufuku mikataba inayomlazimisha mfanyakazi kuchangia chama, ingawa chama hubaki na wajibu wa kumtetea hata asiyechangia. Katibu yeyote wa chama cha msingi aliyewahi kuona mazao yakiuzwa usiku kwa mlanguzi ataelewa udhaifu unaotokana na hali hiyo. Texas na Florida zina marufuku hiyo. Michigan iliiweka mwaka 2012 na ikaifuta kwa sheria ya mwaka 2023. Kwa watumishi wa serikali, hukumu ya mwaka 2018 iliyafunga majimbo yote. Viwanda vya nguo vilikwisha kuhama Massachusetts kwenda Kusini kufuata ujira mdogo zamani kabla ya sheria hizo.

Nevada ndiyo inayowasumbua wenye majibu mepesi. Haina kodi ya mapato, marufuku ya michango ya lazima ipo tangu mwaka 1952, na watu wa California huhamia huko kwa wingi. Lakini katika Las Vegas wapishi na watandika vitanda wa mahoteli wana chama chenye makumi ya maelfu ya wanachama. Novemba 2023, mgomo ukiwa umebakiza saa chache, chama hicho kilipata mapatano ya mkataba wa miaka 5 na makampuni makubwa ya mahoteli, wenye nyongeza ya mishahara.