Mayai Kuwa Viza: Tutazame Kwanza Chakula cha Mtetea

Siku ya 21 imetimia. Mama anainama kwenye kiota anachoatamia kuku wake, akitarajia kukuta vifaranga 12. Anakuta 5; mayai 7 yamekuwa viza. Katika nyumba ambayo vifaranga ndio akiba ya daftari na sare za watoto, hasara hiyo si ndogo. Lawama hutupiwa kuku kwamba hajui kulalia, au ngurumo za usiku. Ni mara chache mtu kujiuliza: mtetea huyu alikuwa akila nini kabla ya kutaga?

Hilo ndilo swali la msingi. Kifaranga aliye ndani ya yai hana mlango wa kuletewa chakula. Kwa siku zote 21 hutegemea kile ambacho mama yake alikiweka katika kiini na ute. Vitamini A au E zikipungua, mishipa ya damu huweza kushindwa kujengeka, na kiinitete hufa siku za mwanzo. Vitamini B2 ikikosekana, wengi hufa katikati ya safari. Kwa nje, yai huonekana zima.

Kuku anayezunguka uani hujitafutia majani na wadudu. Tunapomfungia bandani na kumpa pumba za mahindi meupe peke yake, tumemkatia riziki hiyo. Na kwa kuwa yeye ni amana mikononi mwetu, ni juu yetu kuirejesha. Njia nyepesi ni majani: mchicha, matembele, na hasa mlonge. Majani ya mlonge yana protini nyingi pamoja na karotini, ambayo mwili wa kuku huigeuza kuwa vitamini A. Yachumwe, yaanikwe kivulini kwa kuwa jua kali huharibu karotini, kisha yatwangwe. Gramu 50 za unga huo katika kila kilo ya chakula zinatosha. Kiini kikianza kukolea rangi ya njano, fahamu kwamba majani yamefika yanakotakiwa. Anza angalau majuma 3 kabla ya kukusanya mayai ya kuatamiwa, kwani kiini hujengwa kwa siku kadhaa kabla ya yai kutagwa.

Hata hivyo, si kila mmea una manufaa. Majani ya lusina yakizidi humdhuru kuku kwa sumu iliyomo ndani yake. Mashudu ya pamba nayo yana sumu inayoweza kupunguza utotoaji. Ya alizeti ni salama zaidi. Mahindi yaliyoota ukungu yasipewe kuku kabisa. Tena, mimea peke yake haitoshelezi: vitamini B12, ambayo upungufu wake pia huua viinitete, haipatikani katika majani. Dagaa kidogo waliosagwa huziba pengo hilo.

Kabla ya kulaumu chakula, pima mayai. Siku ya 7, usiku, mulika kila yai kwa tochi. Likiwa na mishipa myembamba iliyotawanyika kama mizizi, limo hai. Likionyesha duara jekundu, kiinitete kimekwisha kufa. Likiwa jeupe tupu, huenda halikupata mbegu. Hapo mtazame jogoo, kwani jogoo 1 hutosha mitetea 10 hivi, na akiwa mzee au mgonjwa hakuna jani litakalochukua nafasi yake. Angalia pia umri wa mayai: yaliyokaa zaidi ya siku 7 kabla ya kuatamiwa hupungua nguvu kila siku.

Andikeni hesabu hiyo katika daftari, nanyi wazazi wapeni watoto kazi ya kumulika na kuhesabu. Mtetea akiatamia tena baada ya kulishwa majani, linganisheni mayai yaliyowekwa na vifaranga waliotoka. Mlonge ulioko nyuma ya nyumba hauhitaji fedha. Unahitaji mkono wa kuchuma na subira ya majuma machache.