Kupamba Ukuta Mtupu: Kagua Kabla ya Kununua

Ukuta mtupu wa sebuleni hupendeza ukipakwa rangi au ukitundikwa picha ya familia au mkeka. Wilayani Kyela, hata hivyo, mvua ni nyingi, hasa kuanzia Machi hadi Mei, na tambarare za kando ya Ziwa Nyasa hukaa na maji. Unyevu hupanda ukutani kutoka kwenye msingi. Rangi ikipakwa juu yake huvimba na kubanduka. Mkeka nao huota ukungu kwa nyuma.

Kabla ya kununua pambo lolote, pima unyevu. Bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zote kwa selotepu, ukiache siku moja. Upande unaogusa ukuta ukilowa, ukuta una maji: shughulikia kwanza chanzo chake, kisha uuache ukauke.

Unaponunua rangi, hakikisha kopo halijafunguliwa, na lina jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Rangi isiyo na utambulisho huweza kuwa na madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Rangi ya zamani nayo huweza kuwa na madini hayo. Usiikwangue ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza, watoto wakiwa mbali.

Dai risiti, uitunze pamoja na kopo. Rangi ikiwa na kasoro, hivyo viwili ndivyo ushahidi wako.