Mali bila Daftari

Watu wengi wakisikia kwamba kijana fulani amekwenda chuo kikuu kujifunza uhasibu na mambo ya fedha, hustaajabu, husema, "Je! kujumlisha na kutoa si mambo ya watoto wadogo? Ya nini kukaa miaka mingi kujifunza kuhesabu fedha za watu wengine?" Maneno haya yana ukweli kidogo, maana hesabu nyingi za mhasibu ni zile zile mnazozijua ninyi: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta asilimia. Lakini kujumlisha si kazi yake yote. Kazi yake hasa ni kumwonyesha mtu asiyekuwapo jinsi mali yake ilivyotumika, hata aijue kana kwamba alikuwapo mwenyewe. Sikilizeni mfano huu, nanyi mtafahamu.

Watu 20 wa kijiji kimoja walifanya ushirika wa duka. Kila mmoja alitoa shilingi 100,000, na mtaji wao ukawa shilingi 2,000,000. Wakamchagua mzee mmoja, mtu mwaminifu, alitunze duka lao. Hata mwaka ulipotimia, wakakutana chini ya mwembe ili wagawane faida. Mzee akawaambia, "Bidhaa nilizouza zilitugharimu shilingi 1,200,000, nami nimeziuza kwa shilingi 1,600,000. Kodi ya nyumba ya duka ni shilingi 100,000. Basi faida yetu ni shilingi 300,000." Wote wakafurahi. Kisha wakafungua sanduku, wakakuta shilingi 200,000 tu.

Pakawa na makelele mengi. Mmoja akasema, "Tuliweka milioni mbili, tumepata faida ya laki tatu. Sandukuni zingekuwamo milioni mbili na laki tatu. Zimekwenda wapi?" Mwingine akasema, "Kumbe tumemweka fisi kulinda mbuzi!" Yule mzee akainamisha kichwa. Alijua moyoni mwake kwamba hakuchukua hata senti moja, lakini hakujua jinsi ya kuwaonyesha wenzake.

Katika mkutano ule alikuwapo binti mmoja, mjukuu wa mwanachama, aliyekuja likizo kutoka chuo kikuu, naye alikuwa katika mwaka wa mwisho wa masomo ya uhasibu. Akasimama, akasema, "Shikamooni, wazee wangu. Naomba ruhusa niseme neno."

"Marahaba, mwanangu, sema," akajibu mwenyekiti.

"Kabla hamjamwita mtu mwizi, na tuandike kwanza vitu vyote mlivyo navyo. Babu, karatasi za manunuzi na mauzo unazo?"

"Ninazo zote, mjukuu wangu. Zimo katika mfuko."

Binti akazisoma moja moja. Akaona kwamba mzee alinunua bidhaa mara mbili, kwanza za shilingi 1,500,000, kisha za shilingi 1,000,000. Tena alinunua mizani na rafu za mbao kwa shilingi 300,000. Na katika mauzo ya shilingi 1,600,000, wateja walikuwa hawajalipa shilingi 500,000. Lakini hakuzikubali karatasi peke yake. Alikwenda dukani na wanachama wawili, wakahesabu kila gunia na kila mche wa sabuni kwa bei ya kununulia. Kisha akawauliza wadaiwa mmoja mmoja, nao wakakiri madeni yao. Ndipo akaandika hivi:

Mali iliyopo:
Fedha sandukuni, shilingi 200,000
Bidhaa dukani, shilingi 1,300,000
Madeni ya wateja, shilingi 500,000
Mizani na rafu, shilingi 300,000
Jumla, shilingi 2,300,000

Mali ilikotoka:
Mtaji wa wanachama, shilingi 2,000,000
Faida ya mwaka, shilingi 300,000
Jumla, shilingi 2,300,000

Wanachama wakatazama jumla zile mbili, wakanyamaza. Yule aliyesema habari za fisi akamwendea mzee, akamshika mkono, akamwomba radhi.

Kisha mmoja akasema, "Basi na tugawane hizo laki tatu." Binti akajibu, "La, wazee wangu, msifanye haraka. Mizani na rafu zitachakaa. Tukikadiria kwamba zitadumu miaka 5, lazima kila mwaka tuondoe shilingi 60,000 kwa ajili ya uchakavu. Basi faida ya mwaka huu ni shilingi 240,000. Tena, wateja wakikataa kulipa, itapungua zaidi. Na sandukuni mna laki mbili tu. Mkizitoa zote, mtanunua kwa nini bidhaa nyingine?"

Hapo mwaona jambo la kwanza linalofundishwa katika elimu hii, yaani faida si kitu kimoja na fedha zilizo mkononi. Duka laweza kupata faida na sanduku likawa karibu tupu. Tena mtu aweza kuwa na fedha nyingi mkononi, kumbe ni za mkopo, naye hana faida yo yote.

Jambo la pili ni kuandika kila tendo pande mbili. Mzee aliponunua mizani na rafu, fedha zilipungua shilingi 300,000, na vyombo vikaongezeka shilingi 300,000. Mwandishi stadi huyaandika yote mawili. Upande wa kushoto wa daftari huitwa debiti, na upande wa kulia huitwa krediti, na jumla za pande zote mbili lazima zilingane. Zisipolingana, kosa lipo. Njia hii ni ya zamani. Wafanya biashara wa Italia walikuwa wakiitumia kabla ya mwaka 1494, lakini katika mwaka huo mtawa mmoja, jina lake Luca Pacioli, mwalimu wa hesabu, alipiga chapa kitabu mjini Venice na kuieleza wazi. Kwa kitabu hicho watu wengi waliipata elimu iliyokuwa ya wachache.

Jambo la tatu ni ukaguzi. Jumla kulingana si ushahidi wa kutosha, maana mwongo aweza kuandika uongo wake mara mbili. Kwa hiyo mkaguzi wa hesabu huenda ghalani, huhesabu magunia, huwauliza wadaiwa, tena hupeleleza katika benki. Binti yule alimjua mzee kuwa mtu mwema, lakini hata hivyo alihesabu. Kumkagua mtu si kumtukana. Ukaguzi ni ngao ya mwaminifu, kwa kuwa bila huo yeye na mwizi hufanana machoni pa watu.

Ndugu ya uhasibu ni elimu ya fedha. Mhasibu hutazama sana mambo yaliyopita. Mjuzi wa fedha hutazama yajayo. Huuliza: Je, tukope au tusikope? Tununue mashine sasa au tungoje? Hujua kwamba shilingi ya leo na shilingi ya mwaka kesho si sawa. Tuseme mtu anakuambia, "Chukua shilingi 100,000 leo, au shilingi 120,000 baada ya miaka 2." Utachagua nini? Kama waweza kuiweka fedha mahali penye faida ya asilimia 10 kila mwaka, basi baada ya mwaka wa kwanza utakuwa na shilingi 110,000, na baada ya mwaka wa pili shilingi 121,000. Kwa hesabu hiyo afadhali uchukue za leo. Lakini lazima pia ufikiri kama mahali pale ni pa salama, maana panapoahidiwa faida kubwa mno, mara nyingi pana hatari kubwa.

Zamani vijana walijifunza kazi hii kwa kukaa ofisini karibu na fundi, kama mwanafunzi wa seremala. Vyuo vikuu vilichelewa kuipokea. Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilipata profesa wa uhasibu mwaka 1902. Katika Tanzania, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Dar es Salaam, kilianzishwa mwaka 1972, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweka kitivo cha biashara na usimamizi mwaka 1979. Masomo ya shahada kwa kawaida huchukua miaka 3. Mwanafunzi hujifunza kuandika daftari, uchumi, takwimu, sheria za biashara, kodi, hesabu za gharama, ukaguzi, na jinsi ya kutafuta na kutumia mtaji. Hata akiisha kupata shahada, kazi haijaisha. Akitaka kuitwa mhasibu aliyethibitishwa, lazima ashinde mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1972, na tena awe amefanya kazi yenyewe kwa vitendo.

Labda mtasema, "Siku hizi kompyuta hujumlisha kwa dakika moja kazi ya siku nyingi." Ni kweli. Lakini kompyuta huamini kila inaloambiwa. Ukiiandikia magunia 10, itasema 10, ijapokuwa ghalani yamo 7. Haimwonei haya mwongo, wala haimhurumii mzee anayesingiziwa. Kwa hiyo bado watakiwa watu wenye akili ya kuuliza na moyo wa kusema kweli, hata anayetaka hesabu ipindwe akiwa ni mkubwa wao.

Wazee wetu walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nasi katika mfano huu tumeona kwamba kilichokaribia kupotea si mali tu, bali jina jema la mtu. Basi ninyi mnaopenda elimu hii, msingoje chuo kikuu. Anzeni leo na daftari ndogo. Andikeni kila senti inayoingia na kila senti inayotoka, hata za kuuza mayai ya kuku wenu. Na mkitunza fedha za wenzenu, kama za mchezo au za bustani ya shule, andikeni siku ile ile, wala msiseme, "Nitakumbuka."

Maswali

1. Onyesha kwa hesabu jinsi sanduku la duka lilivyobaki na shilingi 200,000.
2. Kwa nini binti aliwauliza wadaiwa, ingawa karatasi zote zilikuwapo?
3. Shilingi 50,000 zikiwekwa mahali penye faida ya asilimia 10 kila mwaka, zitakuwa ngapi baada ya miaka 2?
4. Eleza kwa maneno yako tofauti ya faida na fedha zilizo mkononi.