Dresden: Mji, Mto na Madaraja Yake

0. Utangulizi

Dresden ni makao makuu ya Sachsen, mojawapo ya majimbo 16 yanayounda Shirikisho la Ujerumani. Mji huo umelala pande zote mbili za mto Elbe, unaoanzia milima ya Jamhuri ya Cheki, ukapitia Dresden, kisha Hamburg, hadi kumwaga maji yake katika Bahari ya Kaskazini. Wakaaji wake wanazidi nusu milioni. Kwa wasomaji wa pande zetu mji huo si mgeni kabisa, kwani tangu mwaka 1975 Dresden na Brazzaville ni miji-ndugu.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya Dresden, usafiri wake na majengo yake mashuhuri. Mambo hayo matatu tutayachunguza kwa pamoja, kwa sababu huko Dresden swali la namna ya kuvuka mto lilikuja kugongana na swali la namna ya kutunza urithi, na mgongano huo ulizua swali la tatu lililo zito zaidi: ni nani mwenye haki ya kuamua juu ya urithi wa mji?

1. Jina na chimbuko la mji

Jina la Dresden si la Kijerumani kwa asili. Lilitokana na lugha ya Waslavi waliokaa katika bonde la Elbe kabla ya Wajerumani kuhamia huko, na wanaisimu hulifasiri kuwa «wakaaji wa msitu wa bondeni». Mji unatajwa kwa mara ya kwanza katika hati ya mwaka 1206. Majina ya sehemu zake nayo yana mafunzo. Upande wa kulia wa mto, uitwao leo Neustadt, yaani Mji Mpya, hapo kale uliitwa Altendresden, yaani Dresden ya Kale. Uliteketea kwa moto mwaka 1685, ukajengwa upya, na jina likageuka pamoja na nyumba.

Mwaka 1485 watawala wa ukoo wa Wettin waligawana nchi yao, na Dresden ikawa makao ya tawi mojawapo. Fahari ya mji ilifikia kilele chini ya Friedrich August I, aliyetawala Sachsen tangu 1694 hadi 1733 na ambaye watu walimpa jina la August Mwenye Nguvu. Ili apate ufalme wa Poland mwaka 1697, aliiacha dini ya Kiprotestanti na kuingia Ukatoliki, lakini raia wake walibaki Waprotestanti. Tukio hilo linaeleza kwa nini mji una makanisa mawili makubwa yaliyo karibu karibu. Raia walijenga Frauenkirche, kazi ya msanifu George Bähr, kati ya 1726 na 1743, na kuba lake kubwa la mawe likawa alama ya mji. Nao watawala, kuanzia 1739, walijenga kanisa la Kikatoliki la ikulu kando ya mto. Zwinger, uwanja wa sherehe uliozungukwa na majumba ya mawe yenye sanamu nyingi, ni kazi ya Matthäus Daniel Pöppelmann aliyeagizwa na August mwenyewe. Tena ni katika enzi hiyo kiwanda cha kauri kilipoanzishwa mwaka 1710 katika mji jirani wa Meissen, baada ya mafundi wa Sachsen kugundua siri ya kauri nyeupe iliyokuwa ikiletwa kutoka China.

2. Njia na vyombo vya usafiri

Katika karne ya 19 Dresden ilitangulia miji mingi ya Ujerumani kwa usafiri. Mwaka 1838 Johann Andreas Schubert, mwalimu wa chuo cha ufundi cha Dresden, aliunda Saxonia, injini ya garimoshi inayohesabiwa kuwa ya kwanza iliyotengenezwa Ujerumani na kufanya kazi barabara. Mwaka uliofuata ilifunguliwa reli nzima ya Leipzig hadi Dresden, reli ya kwanza ya masafa marefu katika nchi hiyo. Mtoni nako kampuni ya meli za mvuke ilianzishwa mwaka 1836, na hata sasa meli za kale zenye magurudumu ya kupiga maji ubavuni hubeba wasafiri.

Ndani ya mji, tramu za kukokotwa na farasi zilianza mwaka 1872, na za umeme mwaka 1893. Upana kati ya reli mbili za tramu za Dresden ni milimita 1450, hali upana wa kawaida wa reli ni milimita 1435. Hitilafu hiyo ndogo imedumu kwa zaidi ya karne, maana kuibadilisha ni kung'oa mtandao mzima. Huko Loschwitz, penye mlima mkali, kuna reli mbili za kupandia: moja ya kuvutwa kwa kamba ya chuma, iliyofunguliwa mwaka 1895, na nyingine ya mwaka 1901 ambayo magari yake huning'inia chini ya reli. Chini ya mlima huo lipo daraja la chuma la mwaka 1893 linalovuka mto bila nguzo hata moja majini. Rangi yake ndiyo iliyowafanya watu waliite Ajabu ya Buluu.

3. Moto wa mwaka 1945

Usiku wa tarehe 13 Februari 1945 ndege za Uingereza ziliushambulia mji, na kesho yake zikafuata za Marekani. Kitovu cha mji kiliungua. Frauenkirche ilisimama siku moja zaidi, kisha asubuhi ya tarehe 15 mawe yake yaliyochomwa na moto yalishindwa kubeba kuba, nalo likaanguka. Wanazi walieneza habari ya wafu laki mbili na zaidi, lakini tume ya wanahistoria iliyotoa taarifa yake mwaka 2010 ilithibitisha kwamba waliokufa walifikia 25 000 kwa wingi. Hesabu hiyo yenyewe ni kubwa mno, haihitaji kutiwa chumvi.

Si haki kuanza hadithi ya majonzi ya Dresden kwa usiku huo. Sinagogi la mji, lililochorwa na Gottfried Semper, lilichomwa na Wanazi Novemba 1938. Victor Klemperer, profesa wa lugha za Kirumi, alifukuzwa chuoni mwaka 1935 kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Siku ileile ya tarehe 13 Februari alitumwa kuwapelekea Wayahudi wachache waliosalia barua za kuwahamisha. Usiku mabomu yakashuka. Katika vurugu hiyo aliivua nyota aliyolazimishwa kuvaa, akatoroka pamoja na mkewe. Mwaka 1947 alitoa kitabu chake LTI juu ya lugha ya utawala wa Nazi, ambacho mwanafunzi yeyote wa isimu angefaidika kukisoma.

4. Kujenga upya

Chini ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, mabaki ya Frauenkirche yaliachwa yalivyo kama ukumbusho. Jumba la opera la Semper lilijengwa upya na kufunguliwa tarehe 13 Februari 1985. Mapema Oktoba 1989 garimoshi zilizobeba wakimbizi kutoka Prague kwenda Magharibi zilipitishwa Dresden. Watu walifurika kituoni wakitaka kupanda, wakapigana na polisi. Baada ya siku chache raia na wakuu wa mji walianza kuzungumza.

Ujenzi mpya wa Frauenkirche ulianza mwaka 1994, na kanisa likawekwa wakfu tarehe 30 Oktoba 2005. Sehemu kubwa ya gharama ilitokana na michango ya watu wa nchi nyingi. Msomaji akitazama picha yake ataona mawe meusi katikati ya mawe meupe: meusi ni yale ya zamani yaliyookotwa katika kifusi. Msalaba wa juu ulifuliwa na sonara wa Uingereza, mtoto wa rubani aliyeshiriki katika shambulio.

5. Daraja na Urithi wa Dunia

Mwaka 2004 UNESCO iliandikisha bonde la Elbe la Dresden katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata wakaaji wa mji walipiga kura juu ya daraja jipya la Waldschlösschen, lililokusudiwa kupunguza msongamano wa magari. Zaidi ya theluthi mbili ya waliopiga kura walilikubali. UNESCO ilionya kwamba daraja litakata mandhari ya bonde, na shauri likafika mahakamani. Kwa wengine, kura ya wananchi ilikuwa juu ya yote. Kwa wengine, Ujerumani ilikuwa imetia sahihi mkataba na kuuahidi ulimwengu. Hata popo wadogo waliingia katika kesi, na kwa ajili yao mwendo wa magari darajani hupunguzwa usiku wa miezi ya joto.

Ujenzi uliendelea. Mwaka 2009 bonde hilo lilifutwa katika orodha, likiwa la pili duniani kupatwa na jambo hilo, baada ya hifadhi ya choroa ya Oman mwaka 2007. Daraja lilifunguliwa mwaka 2013.

6. Hitimisho

Usiku wa tarehe 11 Septemba 2024 sehemu ya daraja jingine, Carolabrücke, lililojengwa mwaka 1971, iliporomoka mtoni. Tramu ya mwisho ilikuwa imevuka dakika chache tu kabla, wala hakuna aliyeumia. Wachunguzi walikuta kwamba nyaya za chuma ndani ya saruji zilikuwa zimeliwa polepole, pasipo mtu kuona. Mabaki yalibomolewa mwaka 2025.

Basi mji uliobishana miaka mingi juu ya daraja litakalojengwa ulipoteza lile lililokuwa tayari. Kwa maoni yetu, pande zote mbili za ugomvi wa bonde zilikuwa na hoja ya kweli: mji usiopitika hufa, na mji usiojali sura yake hupotea. Lakini kura na mikataba huamua siku moja tu. Kutunza ni kazi ya kila siku, tena haina sherehe. Nayo ndiyo inayoamua kitakachorithiwa.