Jinsi naitrojeni inavyonaswa ndani ya mafuta

DIZELI ikikaa tangini muda mrefu huweza kubadilika rangi na kufanya utando unaoziba chujio la injini. Miongoni mwa vinavyochangia ni misombo ya naitrojeni, ambayo asili yake ni mabaki ya viumbe vilivyogeuka mafuta ardhini.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, humpata msafishaji. Piridini na kwinolini, ambazo ni besi, hung'ang'ania vichocheo vyenye asidi vinavyotumiwa kupasua molekuli nzito, navyo vikapoteza nguvu. Ni vichocheo vya bei ghali, na katika baadhi ya mitambo sehemu chache tu za naitrojeni kwa kila milioni zatosha kuviathiri.

Kiasi kidogo namna hiyo chapimwaje? Tone la mafuta huchomwa ndani ya oksijeni kwa joto la takriban nyuzi 1,000 za Selsiasi. Naitrojeni iliyomo hugeuka oksidi ya naitriki, ambayo ikikutana na ozoni hutoa mwanga hafifu. Kadiri mwanga unavyozidi, ndivyo naitrojeni ilivyo nyingi.

Tatizo ni kwamba mwanga huo hautaji jina la mkosaji. Kupima kwa asidi hufichua besi pekee. Kabazoli, isiyo besi, hupita bila kuguswa. Ndiposa wataalamu hutumia kromatografia ya gesi: misombo hutenganishwa katika mrija mwembamba, kila mmoja ukatoka kwa wakati wake, piridini ikitangulia na kabazoli ikifuata baadaye sana.