Si Kila Tabu ni Tabo

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Tabora, nikamkuta mjomba amekaa barazani, simu mkononi, anatafuta mteja wa ng'ombe wawili. Pikapu yake, Hilux ya dizeli yenye tabo, ilikuwa imeishiwa nguvu. Ikiwa tupu hapo mjini inatembea vizuri tu. Ila akishapakia madumu ya asali ya Sikonge kupeleka Dodoma, akifika mlima Sekenke ni gia ya kwanza, moshi mweusi nyuma, na hata malori yaliyoshiba mzigo yanampita. Fundi mmoja alishamwambia, "Mzee, tabo imekufa. Andaa milioni moja na laki nane."

Wanachuo wenzangu, hiyo hela ndiyo ilikuwa ada yangu. Bumu linalisha, halilipi ada. Ng'ombe wangeuzwa kwa tabo, na mimi ningebaki kuandika barua ya kuomba kuahirisha masomo.

Nikamwomba mjomba anipe siku mbili. Ni kweli nasoma uhandisi wa mitambo, mwaka wa tatu, lakini injini nyingi nimeziona ubaoni kuliko kuzishika. Kwa hiyo nikaenda kwa mzee mmoja jirani, fundi wa siku nyingi aliyeshaacha kazi. Nikamwamkia, nikamweleza. Akauliza swali moja tu: "Nani ameipima hiyo tabo?" Hakuna aliyeipima.

Kwanza tuelewane tabo ni nini. Injini ya dizeli inahitaji kilo 14 na nusu hivi za hewa ili kuunguza kilo moja ya mafuta yote yaishe. Tabo ni feni mbili kwenye kishafti kimoja: moja inazungushwa na moshi unaotoka, nyingine inasukuma hewa kuingia injini. Kishafti hicho kinaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikizidi, mafuta zaidi yanaungua, nguvu inaongezeka. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10. Ndiyo maana gari ambalo tabo yake haisukumi vizuri linajulikana haraka zaidi bara kuliko pwani.

Sasa fikiria misafara ya karne ya 19 iliyopita hapa Unyanyembe, kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 hivi begani. Msafara ukizorota, sababu ingeweza kuwa njaa, kiu, homa au mzigo uliofungwa vibaya. Kulaumu miguu tu kusingewafikisha pwani. Injini nayo ni hivyo hivyo: inataka hewa, inataka mafuta, inataka moshi utoke, na inataka nguvu yake ifike kwenye matairi. Tabo ni kipande kimoja tu cha safari hiyo.

Mzee alituanzisha kwa vitu vya bure. Tuliangalia rangi ya moshi. Mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Wa bluu maana yake injini inaunguza oili. Mweupe mzito, injini ikiwa imeshapata moto, mara nyingi ni mafuta yasiyoungua. Wetu ulikuwa mweusi, kwa hiyo tukaanza na upande wa hewa.

Tukafungua chujio la hewa. Nani asiyejua vumbi la Tabora wakati wa kiangazi? Lilikuwa chafu. Tukaweka jipya, gari likabadilika kidogo, ila si kwa kiwango cha kupanda Sekenke. Hapo wengi wangekata tamaa na kurudi kwenye tabo.

Chujio la dizeli nalo tulilitazama. Likiziba, au dizeli ikiwa na maji, gari linakosa nguvu mzigo ukizidi, ila kwa kawaida bila moshi mweusi mwingi. Letu lilikuwa safi. Tukainua gari, tukazungusha matairi kwa mkono kuona kama kuna breki iliyong'ang'ania. Hakuna. Klachi je? Klachi ikiteleza, injini inapiga kelele na mshale wa mizunguko unapanda huku mwendo hauongezeki. Haikuwa hivyo.

Ndipo tukaja kwenye tabo yenyewe, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Tulifungua hosi ya kuingizia hewa, nikashika kishafti kwa vidole. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, kwa sababu kishafti kinaelea kwenye oili. Hatari ni kikicheza kwenda mbele na nyuma, au bawa za feni zikigusa ukuta. Hii ilizunguka laini kabisa. Tabo ilikuwa hai!

Kama hewa inasukumwa lakini haifiki, basi inavuja njiani. Mzee akaziba mdomo wa bomba, akaingiza upepo kidogo wa kompresa, chini ya baa moja, akanipa povu la sabuni nipake kwenye kila hosi na kila kiungo. Chini ya hosi inayotoka kwenye kipoza hewa, mahali ambapo jicho halifiki, povu likaanza kuchemka. Mpira ulipasuka kama kidole kwa urefu. Injini ikiwa imetulia, ufa unajifunga. Mzigo ukipanda na upepo ukaongezeka, unafunguka.

Hosi na klipu mbili: elfu themanini. Wiki iliyofuata mjomba alinipigia akiwa juu ya Sekenke, gia ya tatu. Ng'ombe bado wapo zizini, na mimi nimesajiliwa.

Sisemi tabo hazifi. Zinakufa, na mara nyingi kinachoziua ni oili chafu au bomba la oili lililoziba. Ukifunga mpya bila kuondoa chanzo, nayo utaizika. Pia kuna magari ambayo kinachosumbua ni bomba la moshi lililoziba, vali inayorudisha moshi kwenye injini iliyojaa masizi, au sensa. Gari lenye kompyuta likiwasha taa ya injini, lipimwe kwa mashine. Msimbo P0299 unasema msukumo wa hewa uko chini, P0087 unasema presha ya dizeli iko chini. Lakini soma vizuri: P0299 haisemi "nunua tabo". Hata hosi iliyopasuka inaweza kuuleta.

Tusiwadharau mafundi pia. Wengi wanafanya kazi bila vifaa, na mteja anataka jibu kabla chai haijapoa. Ila mwenye gari ana haki ya maneno mawili kabla ya kutoa hela: "Nionyeshe, fundi." Aliyepima atakuonyesha. Aliyekisia atakuambia bei.