Gharama za mazingira ya usanidi programu katika wingu

Gharama za mazingira ya usanidi programu katika wingu ni fedha zinazotumika kuendesha seva, diski na mtandao ili wasanidi programu waweze kuandika, kujaribu na kuendesha msimbo wao kwenye kompyuta za mbali badala ya kompyuta zao wenyewe. Mtumiaji hufungua kivinjari au programu ya kuhariri, lakini kazi nzito hufanyika katika kituo cha data. Kwa hiyo gharama ambayo zamani ilibebwa na mwenye kompyuta huhamia kwa mtoa huduma, na mtoa huduma huirudisha kwa mteja kama ada ya kila saa au ya kila mwezi.

Historia

Cloud9 ilianzishwa mwaka 2010 na ni kati ya huduma za mwanzo za aina hii. Mwaka 2016 ilinunuliwa na Amazon, na mwaka 2017 ikatolewa upya kwa jina la AWS Cloud9. Huduma yenyewe haikuwa na ada. Mteja alilipia seva na diski zilizo nyuma yake. Mwezi Julai 2024 Amazon iliacha kupokea wateja wapya wa huduma hiyo.

Kampuni ya GitHub ilitangaza huduma ya Codespaces mwaka 2020. Mwezi Novemba 2022 iliifungua kwa watumiaji binafsi wote, pamoja na kiasi fulani cha matumizi ya bure kila mwezi. Huduma nyingine zilizojulikana ni Gitpod, iliyoanzia Ujerumani, na Replit ya Marekani.

Vyanzo vya gharama

Kichakataji. Kazi ya msanidi programu haina mwendo mmoja. Anapounganisha msimbo au kuendesha majaribio, kichakataji hufanya kazi kwa nguvu zote kwa dakika chache. Anaposoma au kufikiri, hukaa karibu bila kazi. Mtoa huduma huweza kuwaweka watumiaji wengi kwenye seva moja akitumaini kwamba hawatahitaji nguvu hiyo kwa wakati mmoja. Wakiihitaji pamoja, kila mmoja huona kompyuta yake ikiwa nzito.

Kumbukumbu. Kumbukumbu ya muda ni ngumu zaidi kugawana. Kichakataji kikizidiwa, kazi huchelewa tu. Kumbukumbu ikijaa, mfumo hulazimika kuua programu mojawapo, na mtumiaji anaweza kupoteza kazi yake. Kwa sababu hiyo watoa huduma hutenga kumbukumbu nyingi hata kama sehemu kubwa yake haitumiki.

Diski. Mazingira yakizimwa, kichakataji na kumbukumbu hupewa mtu mwingine, lakini faili lazima zibaki. Diski huendelea kulipiwa usiku, wikendi na likizo.

Muda wa kuwasha. Watumiaji hawapendi kusubiri. Ili mazingira yafunguke kwa sekunde chache, mtoa huduma huwasha mashine mapema au huhifadhi nakala zilizokwisha kuandaliwa. Mashine inayosubiri mteja nayo hula umeme na fedha, na nakala zilizoandaliwa hujaza diski katika kila kituo cha data zinakowekwa.

Usalama. Kila mtumiaji huendesha msimbo ambao mtoa huduma haujui. Kutenganisha watumiaji kwa kontena ni rahisi na nafuu, ila kontena zote hutumia kiini kimoja cha mfumo endeshi. Mashine pepe hutenganisha vizuri zaidi, lakini kila moja huhitaji kumbukumbu yake.

Mfano wa hesabu

Bei iliyotangazwa ya Codespaces kwa mashine ndogo yenye viini 2 vya kichakataji ilikuwa dola 0.18 kwa saa, na diski dola 0.07 kwa kila gigabaiti kwa mwezi. Msanidi anayefanya kazi saa 8 kwa siku 22 hutumia saa 176, yaani dola 31.68 kwa mwezi, bila kuhesabu diski. Mashine hiyohiyo ikiachwa ikiwaka mwezi mzima wa siku 30 hutumia saa 720, yaani dola 129.60. Tofauti hiyo ya karibu dola 98 hailipii kazi yoyote. Ni gharama ya kusahau kuzima. Kwa kampuni yenye wasanidi 50, usahaulifu wa namna hiyo ungefikia dola 4,896 kila mwezi.

Matumizi ya bure na matumizi mabaya

Mpango wa bure huwavutia wanafunzi na wanaoanza, lakini huvutia pia watu wanaochimba sarafu za kidijitali kwa kutumia seva za wengine. Mtu mmoja anaweza kufungua akaunti nyingi na kuzifanyisha kazi mchana na usiku. Mwezi Novemba 2022 Heroku, kampuni inayohifadhi na kuendesha programu za wateja, ilifuta mipango yake ya bure baada ya kueleza kwamba udanganyifu na matumizi mabaya vilikuwa vinaielemea. Wanafunzi wengi walioweka kazi zao huko walilazimika kulipa au kuhama.

Njia za kupunguza gharama

* Kuzima mazingira yasiyotumika. Codespaces kwa kawaida hujizima baada ya dakika 30 bila shughuli.
* Kufuta mazingira yaliyoachwa kwa muda mrefu, baada ya kuhifadhi msimbo mahali pengine.
* Kuchagua mashine ndogo inayotosha. Mashine ya viini 4 humaliza saa za bure mara mbili haraka kuliko ya viini 2.
* Kuweka kikomo cha matumizi ili huduma isimame kabla deni halijakua.

Hali katika Afrika Mashariki

Kwa mwanafunzi wa Nairobi au Dodoma mwenye kompyuta dhaifu, huduma hizi zina faida isiyoonekana katika bei. Maktaba za programu zenye mamia ya megabaiti hupakuliwa ndani ya kituo cha data, na mwanafunzi hupokea maandishi ya skrini tu, hivyo bando lake hudumu zaidi.

Kwa upande mwingine, bei huwekwa kwa dola, na thamani ya shilingi ikishuka ada hupanda bila huduma kubadilika. Umbali nao una athari: seva ikiwa Ulaya au Marekani, kila herufi inayochapwa moja kwa moja kwenye mashine ya mbali husafiri kwenda na kurudi kabla ya kuonekana. Vituo vya data vya Microsoft, Amazon na Google vilivyofunguliwa Afrika Kusini mwaka 2019, 2020 na 2024 vilisogeza seva karibu zaidi, ingawa si kila huduma hupatikana katika kila kituo. Intaneti ikikatika, kazi husimama, wakati mwenye kompyuta yake huweza kuendelea.